Kinachovuja na Kinachokaa

Kakese ni kata ya mpunga. Kwenye makaratasi ni sehemu ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi; kwa macho ni majaruba, mashine za kukoboa na malori ya magunia, na mwaka mzuri au mbaya huamuliwa na maji ya bonde la Mto Katuma. Masika maji huwa mengi kuliko mahitaji. Kiangazi kikikolea, mazungumzo huhamia kwenye visima, na katika ardhi kama hii visima havina usawa: kimoja hutoa maji mwaka mzima, na kingine kilichochimbwa hatua mia mbili kutoka hapo, kwa mtambo uleule na gharama ileile, hutoa vumbi.

Hakuna mkosi katika hilo. Chini ya udongo wa sehemu kubwa ya Mpanda kuna miamba ya ukanda wa Ubende, nisi na jamaa zake, yenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Mwamba huo ukiwa mzima haunywi maji wala hauyapitishi. Maji hukaa kwenye ganda la juu lililooza kwa jua na mvua za maelfu ya miaka, na hukaa kwenye nyufa. Mchimbaji aliyepata ufa amepata kisima. Aliyepita pembeni yake kwa mita chache amelipia shimo.

Ndiyo maana kabla mtambo haujawashwa huitwa mtu wa saveya, mwenye nyaya na vyuma vya kupitisha umeme ardhini, akadirie ufa uko wapi. Wanakijiji humtazama kwa subira ya aina fulani, kwa kuwa hupita na kurudi na kuandika namba bila kuonyesha chochote. Kazi yake, ukiitazama vizuri, ni kujua vitu vinavyotiririka vinapita wapi chini ya ardhi, kwa kasi gani, na vinakwama wapi. Leo anatafuta maji. Mwenzake waliyesoma naye darasa moja anatafuta gesi. Mwingine anaulizwa swali lililo kinyume: tukiisukuma hewa ukaa chini, itakaa? Dai langu ni kwamba swali hili la mwisho halijibiwi vizuri na mtu ambaye hajahangaika na la kwanza. Nadai pia kwamba Bonde la Ufa la Rukwa, ambako maji ya Katuma huishia, ni darasa zuri la kulijibu kuliko mengi duniani, ingawa pengine ni mahali pabaya pa kuifukia hewa yenyewe.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ni fupi. Mwaka 1856 mhandisi wa Kifaransa, Henry Darcy, alichapisha kitabu kuhusu huduma ya maji ya mji wa Dijon. Ndani yake, karibu kama nyongeza, aliweka majaribio ya kupitisha maji kwenye bomba lililosimamishwa na kujazwa mchanga. Aliona kwamba wingi wa maji yanayopita hutegemea tofauti ya shinikizo kati ya mwanzo na mwisho, urefu wa safari, na tabia ya mchanga wenyewe. Ni hayo tu. Mafuta ya Ghuba, maji ya Kakese na gesi ya Songosongo vyote hupigiwa hesabu iliyojengwa juu ya bomba lile.

Ugumu umo katika hiyo tabia ya mchanga. Jaza debe mpunga hadi juu, kisha mimina maji: yataingia mengi kabla hayajamwagika, kwa sababu kati ya punje na punje kuna nafasi. Jiwe la mchanga liko hivyo hivyo. Lakini kuwa na nafasi ni jambo moja, na nafasi hizo kuunganishwa ni jambo lingine. Mfinyanzi unaweza kuwa na nafasi nyingi kuliko mchanga, ila njia zake ni nyembamba mno, na maji huchukua miaka na miaka kuvuka unene wa ukuta wa nyumba. Mkulima wa mpunga hahitaji kuelezwa hili. Jaruba lake hushika maji kwa sababu ya udongo mzito ulio chini yake. Ndani ya ardhi mambo ni yaleyale kwa kipimo kikubwa zaidi: tabaka linalopokea, na juu yake tabaka linalozuia. Wanajiolojia huliita la juu mwamba kifuniko. Kila kitu katika sura hii kitategemea hicho kifuniko, na nyufa zinazokitoboa.

Mpanda yenyewe ni mji uliojengwa na nyufa. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini, hasa risasi, na kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba hapo hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1960. Risasi, shaba, fedha na dhahabu za Mpanda ziko kwenye mishipa ya kwatzi. Maana yake ni kwamba zamani sana maji ya moto yenye madini yaliyoyeyuka yalipanda kupitia nyufa, yakapoa, yakaacha mzigo wake njiani. Wachimbaji wadogo wa Dirifu na Ibindi wanaoufuata mshipa wa dhahabu kwa nyundo na sururu wanafuata njia ya maji ambayo imeziba. Sijui darasa la jiolojia lililo bora kuliko hilo, na linaendeshwa na watu ambao wengi wao hawajapewa cheti chochote.

Turudi kwenye mto. Katuma hauendi baharini. Unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unalisha Ziwa Chada, kisha maji hushika Mto Kavuu kuelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoka. Watalii huja kuona viboko wa Katavi wanavyosongamana kwenye madimbwi ya kiangazi, na picha zao ni maarufu. Mara chache maelezo chini ya picha husema kwamba msongamano huo unahusiana pia na maji yanayochotwa kwa kilimo juu ya mto. Hilo ni jambo la sura nyingine. Hapa linatuhusu bonde lenyewe.

Bonde la Rukwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 300, kutoka uwanda wa Katavi hadi Songwe. Limekuwa likitanuka na kuzama kwa vipindi tangu enzi ya Karoo, na kila lilipozama mito ilileta mchanga na tope kulijaza. Mashapo hayo yana unene wa kilomita kadhaa. Katika mchanga mwekundu wa Galula, upande wa kusini, watafiti walipata mifupa ya Rukwatitan, dinosaria mkubwa aliyetangazwa mwaka 2014, na mamba mdogo wa ajabu mwenye meno kama ya mnyama anayenyonyesha, Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa jina hilo kwa heshima ya Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa mtu wa visukuku ule ni mchanga wenye mifupa. Kwa mtu wa mtiririko ni mchanga wenye nafasi kati ya punje, uliofunikwa na tope, juu ya mwamba uliopasuka.

Kampuni ya Amoco ilivutiwa na hilo. Mwaka 1987 ilichimba visima viwili, Ivuna na Galula, ikitafuta mafuta. Haikupata ya kuuza, ikaondoka. Ikaacha vipimo vya mawimbi ya mtetemo, ambavyo kwa miaka mingi havikumsisimua mtu yeyote. Sekta hii imejaa mambo ya namna hiyo: shimo lililoitwa kavu na wa kwanza husomwa upya na wa pili mwenye swali tofauti.

Swali tofauti lilihusu heli, gesi ya maputo na ya mashine za MRI. Tangu miaka ya 1960 wanajiolojia walikuwa wameandika kwamba mapovu yanayotoka kwenye baadhi ya chemchemi za Tanzania yana heli nyingi. Hakuna aliyejali sana, kwa sababu dunia ilipata heli yake kama mabaki ya gesi asilia, hasa Marekani. Kisha Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa katika sehemu moja tu ya Rukwa inakadiriwa kuwapo heli ya futi za ujazo bilioni 54. Chris Ballentine wa Oxford alisema inatosha kujaza mashine za MRI zaidi ya milioni 1.2. Magazeti yetu yaliandika kana kwamba gesi hiyo ilikuwa tayari kwenye mitungi. Ilikuwa makadirio, na kati ya makadirio na mtungi kuna miaka mingi ya kutoboa. Kisima cha Tai-1 kilichimbwa mwaka 2021. Mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula West-1, kusini mwa bonde, kilifikisha heli juu ya ardhi, na ilitoka kwenye eneo la nyufa na mwamba wa chini, mwamba wa kale ambao mtafuta mafuta wa kawaida angeuona kama mwisho wa kazi.

Heli hiyo inatoka wapi? Ndani ya miamba ya kale mna urani na thoriamu kidogo kidogo. Atomu moja ya urani-238 inapomaliza safari yake na kugeuka risasi huwa imetoa atomu 8 za heli. Mwamba wa miaka bilioni 2 umekuwa ukifanya hivyo bila kupumzika, na ukiwa baridi na mzima hufungia sehemu kubwa ya heli ndani yake. Ukipashwa moto na kupasuliwa, unaiachia. Hayo ndiyo yaliyotokea Rukwa: bonde lilipotanuka, joto lilipanda, nyufa zikafunguka, na heli ikaanza safari pamoja na naitrojeni na maji.

Sasa tumefika kwa mtu wa sura hii. Nasema mtu, lakini nitamjenga kwa watu kadhaa, maana kazi hii hukaa mikononi mwa vikundi. Jon Gluyas wa Durham alitumia miaka mingi kwenye makampuni ya mafuta kabla ya kuwa profesa wa nishati ya ardhi na uhifadhi wa hewa ukaa. Diveena Danabalan alifanya shahada yake ya uzamivu hapohapo Durham akiuliza heli itafutwe kwa kanuni gani, kwa kuwa hadi wakati huo iliokotwa tu na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Ernest Mulaya, Mtanzania, alichukua vipimo vya zamani vya mtetemo na kuchora upya umbo la bonde la Rukwa na nyufa zake. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2022 akiwa na Gluyas na Ballentine miongoni mwa wenzake. Mwaka mmoja kabla yake Karim Mtili na wenzake, wakiwamo Emmanuel Kazimoto na Charles Kasanzu wa Dar es Salaam, walichapisha utafiti juu ya asili ya heli nyingi iliyomo katika gesi za kusini-magharibi mwa Tanzania.

Ukiwatazama kazini, sehemu ya porini ni ya kawaida sana. Faneli hupinduliwa juu ya mapovu ya chemchemi, mpira huunganishwa, gesi huachwa ipite hadi ifukuze hewa yote ya nje, kisha bomba dogo la shaba hubanwa ncha zote mbili kwa vibano vya chuma. Bomba ni la shaba kwa sababu heli hupenya hata kioo. Chupa nzuri ya maabara ingefika Oxford imepungukiwa. Inayobaki ni safari ya maabara na mwezi au miezi ya kusubiri namba.

Namba inayosubiriwa kwa hamu kuliko zote ni uwiano wa heli-3 kwa heli-4. Heli-4 huzaliwa kila siku ndani ya ganda la dunia, kwa njia niliyoieleza. Heli-3 nyingi ni ya tangu dunia ilipoumbwa, na huja kutoka chini ya ganda, mahali magma inapotoka. Kwa hiyo povu moja la gesi linaweza kusema limezaliwa wapi. Gesi za Rukwa zenye heli nyingi zina alama ya ganda: ni za mwamba wa kale. Lakini ukielekea kusini-mashariki hadi volkano za Rungwe, alama hubadilika. Pete Barry, David Hilton na wenzao walichapisha mwaka 2013 vipimo vya Rungwe, na humo magma inazungumza waziwazi, na gesi inayotawala ni hewa ukaa. Ndiyo maana mtafuta heli hataki kuwa mbali mno na volkano, kwani joto halitafika, wala karibu mno, kwani hewa ukaa itaimeza heli yake yote.

Hewa ukaa hiyo ya Rungwe tunaijua kwa ladha. Kampuni ya TOL Gases huivuna kutoka visimani wilayani Rungwe, huisafisha na kuiuza, na sehemu yake huishia kwenye soda na bia. Sehemu nyingine hutoka yenyewe, kimya, kwenye mashimo na mabonde madogo. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini kama maji, na mnyama anayeinamisha kichwa humo hafufuki. Watu wa Goma na Kivu huyaita maeneo hayo mazuku, na wanasayansi wameliazima jina hilo kama lilivyo. Nchini Kamerun, usiku wa 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa kwa mkupuo hewa ukaa iliyokuwa imejikusanya katika maji yake ya chini, na watu takriban 1,700 wakafa. Anayependekeza kufukia hewa hii ardhini hana budi kuanza na Nyos. Akianza na kitu kingine, nashauri asikilizwe kwa tahadhari.

Nyos ni ziwa, na ziwa halina mwamba kifuniko. Miamba ina rekodi nyingine. Kuna sehemu duniani ambako hewa ukaa ya asili imekaa chini ya kifuniko kwa mamilioni ya miaka bila mtu kuichunga. Mwaka 2009 Stuart Gilfillan, Ballentine na wenzao walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti wa maeneo tisa ya namna hiyo Amerika Kaskazini, China na Ulaya. Walitumia ujanja uleule wa Rukwa. Heli-3 iliyoingia pamoja na hewa ukaa haigeuki jiwe, na hewa ukaa inaweza kugeuka jiwe au kuyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo ukilinganisha mbili hizo unaona ni kiasi gani cha hewa ukaa kimeondoka kwenye hali ya gesi. Na ukiongeza neoni, ambayo huja na maji ya ardhini, unaona kama maji ndiyo yaliyoimeza. Jibu lilikuwa maji. Katika miamba ya mchanga, sehemu iliyogeuka jiwe haikuzidi asilimia 18. Nyingine iliyotoweka kwenye gesi ilikuwa imeyeyuka. Hewa ukaa iliyoyeyuka huyafanya maji yawe mazito kidogo, na maji mazito hushuka. Kitu kilichokuwa kikitafuta njia ya kupanda huanza kuzama.

Huo ndio msingi wa biashara nzima, na wengi wanaoizungumzia mikutanoni hawautaji. Hewa ukaa inayofukiwa husukumwa hadi kina cha mita 800 au zaidi, ambako joto hupita nyuzi 31 na shinikizo hupita mara 73 ya lile la hewa ya juu. Hapo huacha tabia ya gesi na kujibana. Tani moja inayochukua zaidi ya mita za ujazo 500 juu ya ardhi huchukua chini ya mbili huko. Bado ni nyepesi kuliko maji ya chumvi yaliyomo, kwa hiyo hupanda hadi igonge kifuniko. Miaka ya kwanza kifuniko ndicho kinachobeba kazi yote. Baadaye sehemu hunaswa kwenye vinyweleo, sehemu huyeyuka, na kwa muda mrefu zaidi sehemu hugeuka jiwe. Kadiri miaka inavyokwenda hatari hupungua, jambo ambalo huwashangaza wanaodhani shimo lenye gesi ni bomu linalosubiri.

Norway imefanya hivyo baharini, Sleipner, tangu 1996, mwanzoni kwa takriban tani milioni 1 kila mwaka, na mawimbi ya mtetemo yanaonyesha hewa hiyo ikitandaa chini ya kifuniko chake. Watu hupenda kunukuu Sleipner. Mimi napendelea In Salah, katika jangwa la Algeria, kwa kuwa ni ya bara letu na kwa kuwa haikwenda kama ilivyopangwa. Kati ya 2004 na 2011 zilisukumwa chini tani milioni 3.8, kwenye mchanga mgumu usiopitisha kwa urahisi. Shinikizo likapanda. Setilaiti zikaona jangwa likiinuka kwa milimita chache kila mwaka juu ya visima, na gesi kidogo ikajitokeza kwenye kisima cha zamani kilichokuwa hakijazibwa sawasawa. Waendeshaji wakasimama. Katika hesabu ya Darcy hakuna kipya hapo: ukilazimisha kitu kipite haraka mahali pasipopitika, shinikizo hupanda. Kilichokuwa kipya ni kwamba jangwa lilikuwa likitazamwa, na kazi ikasimamishwa mapema. Visima vya zamani navyo vina somo lake kwa nchi inayotoboa na kuhama.

Rukwa basi? Tarehe 13 Desemba 1910 eneo hili lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kurekodiwa Afrika Mashariki. Nyufa zake hazijalala. Chemchemi za maji moto, zikiwamo za Majimoto ya Mpimbwe hapohapo Katavi, zinaeleza jambo hilohilo kila siku: kuna njia zilizo wazi kutoka chini hadi juu. Kwa mtafuta heli njia hizo ni dalili njema, mradi mahali fulani zimezibwa. Kwa mfukiaji wa hewa ukaa ni onyo. Kama Tanzania itafika huko, maeneo ya gesi ya pwani yaliyotumika na kumalizika, ambayo yalishika gesi kwa mamilioni ya miaka kabla hatujaifikia, yana hoja nzuri zaidi. Kenya nako kuna wanaotaka kuchuja hewa ukaa angani na kuisukuma kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, kwa mfano wa Iceland, ambako mradi wa Carbfix ulionyesha kuwa basalti inaweza kuigeuza jiwe ndani ya miaka miwili. Ni njia nyingine yenye kemia nyingine.

Lakini tusijidanganye kuhusu haraka. Mtanzania mmoja hutoa hewa ukaa ya mafuta na makaa kidogo mno ukimlinganisha na mtu wa Ulaya, na sioni kwa nini fedha yetu iende kwenye visima vya kufukia kabla ya visima vya kunywa. Katavi neno kaboni tayari lina maana yake: katika Wilaya ya Tanganyika vijiji vinane, vikiwamo Katuma na Mwese, hupata fedha kwa kutunza msitu wa milima ya Ntakata, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Msitu huwaka, hukatwa, huuzwa. Mwamba wa mita elfu chini hauwaki. Lakini mwamba hauvuti mvua wala haugawi fedha kwa mkutano wa kijiji. Ningependa wataalamu wanaovishindanisha viwili hivyo waulizwe kwanza nani analipwa.

Kitu tunachohitaji mapema ni mtu mwenye bomba la shaba. Mwaka 2011 familia ya wakulima katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, ilidai kwamba hewa ukaa iliyokuwa ikisukumwa tangu 2000 kwenye eneo la mafuta la Weyburn inavuja kwenye shamba lao, inabubujika kwenye maji na kuua wanyama. Dai hilo lingeweza kubishaniwa kwa miaka mahakamani na redioni. Sampuli za maji ya visima vyao zilipimwa heli, neoni na jamaa zake, na alama ikawa ya maji yaliyoingia kutoka angani kwa njia ya kawaida. Haikuwa ya gesi iliyosukumwa chini. Familia ilikuwa na haki ya kuuliza, na jibu lilipatikana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Bonde la Rukwa linaelekea kutobolewa zaidi, kwa ajili ya heli leo na pengine joto la ardhi kesho. Siku moja mtu fulani, Mpimbwe au Momba, ataona povu kwenye kisima ambacho hakikuwa na povu, na atakwenda ofisi ya kata kuuliza limetoka wapi. Mwenye kumjibu atahitaji namba za kisima hicho zilizopimwa kabla mtambo haujafika: heli yake, naitrojeni yake, hewa ukaa yake, tarehe, na jina la aliyebana vibano. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma na ina historia inayoanzia 1925. Vijana wanaohitimu jiolojia Dar es Salaam na Dodoma wapo, na baadhi yao wanaendesha bodaboda wakisubiri ajira. Vipimo vya namna hiyo vinaweza kuanza kiangazi hiki, wakati maji ya juu yamepungua na yanayopanda kutoka chini hayajachanganyika sana na mvua.